Suruali ya Kipimo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua za mwaka huu zimeanza leo, na viti vipya vimeletwa leo hiyo hiyo. Mabenchi yetu ya zamani yametolewa nje, yakapangwa chini ya upenu nyuma ya stoo kama watu waliopunguzwa kazi. Viti vyenyewe ni vya chuma, vyeusi, imara, na vina mikono ya kuegemea. Wenzangu wamevifurahia. Tarishi alikaa kwenye changu kabla yangu, akakunja nne, akatangaza kwamba kuanzia leo na yeye ni mkurugenzi.

Nilipokaa mimi, ile mikono ilinibana nyonga zote mbili. Niliingia, lakini kama droo inavyoingia kwa kulazimishwa. Saa ya chai niliposimama, kiti kiliinuka pamoja nami. Kilining'inia nyuma yangu kidogo tu, nikakishusha taratibu. Nadhani hakuna aliyeona. Kufikia jioni nilikuwa nimeshajifunza: kabla ya kusimama nashika mikono ya kiti na kukikandamiza chini, huku nikitazama dirishani kama mtu anayewaza jambo.

Mimi ni karani wa masjala katika idara ya maji. Natunza majalada ya wateja, nayatoa yanapohitajika na kuyarudisha mahali pake. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Mei. Baada ya hapo nathibitishwa, au narudi kukaa sebuleni kwa mama kusubiri tangazo jingine la kazi, kama nilivyokaa miaka miwili.

Jumanne, 3 Machi

Mvua kutwa. Suruali mbichi imenichubua mapaja. Nimetembea kama mtu anayebeba ndoo.

Alhamisi, 5 Machi

Mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Mama Masjala, alitukusanya asubuhi. Tarehe 30 Aprili mkurugenzi anakuja kufungua ukumbi mpya wa kuhudumia wateja, na siku hiyo kila karani atavaa sare: suruali au sketi ya kijivu, na koti la kijivu. Jumatatu fundi cherehani atakuja kutupima. Mimi nimepangiwa dirisha la kwanza, lile linalotazamana na mlango. Alisema ni kwa sababu sauti yangu inasikika na mwandiko wangu unasomeka. Sikujua kama ni sifa au ni amri. Mama Masjala akisema, vyote viwili vinafanana.

Sijawaza jambo lingine tangu asubuhi. Hatupimwi chumbani. Tutapimwa kwenye korido.

Jumatatu, 9 Machi

Fundi alikuja na futi yake shingoni na mkewe akimfuata na kalamu. Ni mtu wa maneno mengi, anaimbaimba. Anapima, anataja namba kwa sauti, mkewe anairudia na kuiandika. Korido yote ikageuka mnada. Mhasibu alipopimwa kiuno, tarishi aliuliza kama kipimo hicho ni cha mtu au ni cha mwavuli, watu wakacheka mpaka mhasibu mwenyewe akacheka. Kila namba ilipotajwa palikuwa na neno la mtu juu yake.

Nilisikia yote hayo nikiwa stoo, nyuma ya kabati la majalada yaliyofungwa. Nilikuwa nimeingia kutafuta jalada ambalo hakuna aliyeliomba. Tarishi aliita mara mbili, "Tajiri! Tajiri uko wapi?" Tajiri ni mimi. Siku yangu ya kwanza hapa alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema mtu mwenye mwili kama huu hawezi kuwa karani, lazima ni tajiri amekuja kujificha. Jina likabaki. Nikiitwa naitika na kutabasamu. Leo sikuitika.

Nilitoka niliposikia gari la fundi linaondoka.

Jumanne, 10 Machi

Mama Masjala hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kwamba aliyekosa kupimwa alete nguo ya kipimo: suruali na koti vinavyomkaa vizuri, fundi ataweka juu ya kitambaa na kukata. Kesho, kabla ya saa nne, tarishi atapeleka.

Nilishusha pumzi. Nguo haina macho wala haichekwi.

Jumatano, 11 Machi

Naandika nikiwa na wasiwasi na jambo nililolifanya leo.

Jana jioni nilitoa kabatini suruali ninayovaa kila siku, nikaitandaza kitandani. Sijawahi kuitazama ikiwa peke yake, bila mimi ndani. Ilifunika kitanda. Niliwaza mke wa fundi akiishika juu na kumwita mumewe aje aone. Niliwaza tarishi akiichungulia njiani. Nikaikunja. Chini kabisa ya sanduku nilikuwa na suti niliyovaa siku ya kumaliza chuo. Nikaichukua hiyo.

Nilijiambia kwamba mpaka Aprili kuna muda. Nilijiambia kwamba suti hii ndiyo mimi hasa, na haya mengine ni mambo ya kupita. Asubuhi nikampa tarishi mfuko. Aliupima mkononi, akasema, "Mwepesi, Tajiri. Umeweka leso?"

Mchana aliporudi alileta salamu za fundi: kitambaa kimetoka ghalani kwa hesabu, kikishakatwa kimekatwa, rangi hiyo haipo tena.

Jumatatu, 16 Machi

Sijala asubuhi. Sijala mchana. Nimekunywa chai bila sukari, nikajisikia mtu wa maana.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Sijala mchana.

Ijumaa, 20 Machi

Sikula mchana. Lakini saa tisa nilitoka kwenda kununua kalamu, nikarudi na mkate mzima ndani ya gazeti. Nilikwenda nao stoo, nikasimama kati ya makabati, mgongo kwa mlango, nikaula wote. Sikuisikia ladha yake. Nilikuwa nasikiliza nyayo. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa na niliishukuru, kwa sababu hata mimi sikujisikia nikitafuna.

Kisha nilikusanya makombo kwa ncha ya kidole.

Jumapili, 22 Machi

Nyumbani tuko watatu: mama, dada yangu mkubwa na mimi. Dada anafundisha watoto wa chekechea. Ana mwili kama wangu, pengine zaidi, lakini yeye haumsumbui. Leo walikuja wageni, alipotaka kupita katikati ya viti akasema, "Nipisheni, lori lina mzigo." Walicheka hadi wakashika mbavu, na yeye akacheka kuliko wote. Mimi nilitazama sahani. Sipendi anapofanya hivyo. Naona anatuuza sote wawili kwa bei rahisi.

Mama alinipakulia, nikamwambia nimeshiba. Akanitazama kama niliyemtukana. "Baba, kula," alisema. "Watu wakikuona wanajua kwamba kwenu kunapikwa." Kwa mama, mwili wangu ndio cheti chake cha kulea bila mume. Nikila, nakosana na suti. Nisipokula, nakosana na mama. Nilikula nusu, nikakosana na wote.

Jumanne, 24 Machi

Nimeanza kutembea kwenda kazini. Mapaja yanawaka. Mwavuli umepinduka.

Jumatatu, 30 Machi

Jirani amemuuliza mama kama naumwa. Mama hakulala vizuri. Asubuhi ameniuliza kwa kuzungukazunguka kama kuna kitu nataka kumwambia, kitu chochote, yeye ni mama na hatamwambia mtu. Nimemwambia ni kazi nyingi. Akaniwekea mayai mawili kwenye mfuko. Nimeyala stoo.

Alhamisi, 2 Aprili

Mama Masjala alipita mezani kwangu, akasimama. Naogopa anaposimama. Alinitazama mikono, nilikuwa nimeshika mikono ya kiti ili niinuke. Alisema nimechelewesha majalada mawili wiki hii na kwamba hilo si kawaida yangu. Akaenda. Ni kweli, nimeyachelewesha. Namba zinacheza mbele ya macho nikiwa na njaa.

Jumatano, 8 Aprili

Sare zimekuja.

Zimeletwa kwenye mifuko ya plastiki, kila mfuko na jina lake. Wenzangu wamezijaribu pale pale juu ya nguo zao, wakageuzana, wakasifiana. Mhasibu alitembea koridoni kama anaoa. Nimesema yangu nitaijaribu nyumbani, nina haraka. Tarishi akasema, "Tajiri hataki tuone kabla ya sherehe," na watu wakaipenda hiyo, wakasema niwe na siri yangu.

Nyumbani nilifunga mlango. Suruali ilipanda mpaka juu ya mapaja, ikasimama. Niliivuta. Nililala chali kitandani nikaivuta tena. Ilifika kiunoni, lakini kati ya kifungo na tundu lake palibaki nafasi ya kiganja kizima. Koti liliingia mabegani na mikono ikabaki imetanuka pembeni kama ya mdoli. Sikuweza kuishusha. Nikakaa hivyo, nikajiona kwenye kioo cha kabati.

Dada aligonga akiuliza kama imenikaa. Nikasema imenikaa.

Alhamisi, 9 Aprili

Maji tu.

Ijumaa, 10 Aprili

Maji. Mkate, stoo.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimefikiri kumwendea fundi. Ningesema nini? Kwamba suti ilikuwa ya mtu mwingine? Angeuliza nani. Kwamba nimenenepa ghafla? Angetaka kunipima, na angetaja namba. Na kitambaa hakipo. Kila mlango ninaoufikiria una mtu amesimama nje yake akiwa na futi.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo asubuhi nilipokuwa naoga nilisikia masikio yanajaa mvua, ingawa nje kulikuwa kumetulia, kisha nikajikuta nimekaa sakafuni na dada ameshikilia kichwa changu. Alikuwa amesukuma mlango. Nilijivutia taulo. Alisema nisimtanie, amenibeba mgongoni nikiwa mchanga.

Alinipa maji ya sukari kwa kijiko. Mama alikuwa sokoni. Dada alikaa kwenye kizingiti cha bafu, mguu wake mmoja kaunyoosha, na hakufanya mzaha hata mmoja. Nikaona kwamba sijawahi kumsikia akiongea bila mzaha, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Nilimweleza. Si yote. Nilisema sare ni ndogo.

Akaanza kunisimulia habari ya goti lake. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi ya shule. Alikwenda hospitali. Mizani ya chumba cha daktari haikumtosha, wakampeleka kwenye mizani ya ghala, ile ya magunia, iliyoko uani, na wapakiaji wakaacha kazi wakatazama. Daktari hakuligusa goti. Alimwambia apungue kwanza, ndipo arudi. Hajarudi. Tangu hapo anafundisha amekaa, na watoto anawaambia mwalimu wao ni malkia, malkia hasimami.

Nikamuuliza kwa nini basi anajicheka mbele ya wageni.

"Nikijicheka mimi kwanza, wao hawabakiwi na kitu," alisema. "Wewe unajificha nyuma ya kabati, mimi najificha katikati ya watu. Ni kujificha kule kule, mdogo wangu. Mimi tu nimejificha penye mwanga."

Sikujua anajua habari ya kabati. Pengine hakujua, alisema tu.

Nimemfikiria siku nzima. Miaka yote hii nimekuwa nikimwonea haya mtu aliyekuwa akipigana vita vile vile, chumba cha pili.

Jumatano, 22 Aprili

Kifungo kimesogea. Sasa ni vidole vitatu.

Jumapili, 26 Aprili

Vidole vitatu bado. Dada amenishauri nimwambie mkuu wangu. Nimemwambia amwone daktari wa goti.

Jumanne, 28 Aprili

Nimenunua pini kubwa na mkanda. Mbele koti litafunika. Nimejaribu kukaa, kusimama, kukaa. Nikivuta pumzi fupi fupi inawezekana.

Alhamisi, 30 Aprili

Nataka kuandika jambo hili kwa mpangilio wake.

Nilifika mapema kuliko wote ili nisitembee mbele ya mtu. Nilikuwa nimefunga pini mbili kiunoni, na mkanda juu yake, na koti juu ya mkanda. Ukumbi mpya ulinukia rangi. Nilijiingiza kwenye kiti cha dirisha la kwanza, na nilipofika chini mshono wa nyuma uliachia. Nilikuwa nimeuogopa mlio wake wiki tatu. Haukulia. Ulilegea tu, kama mtu anayeshusha pumzi, kutoka kiunoni hadi chini kabisa, na nikahisi ubaridi wa chuma.

Sikusogea. Wenzangu waliingia, wakanisalimia, nikaitikia. Mama Masjala alipita, akasema nimependeza. Ndiyo mara ya kwanza kunisifu. Wateja wa kwanza wakaruhusiwa kuingia ili mkurugenzi akute watu kwenye foleni.

Alipotokea mlangoni, ukumbi mzima ulisimama. Makarani wote, wateja waliokaa, hata mzee mmoja mwenye fimbo. Mimi nilikandamiza mikono ya kiti kwa nguvu zangu zote, na nikabaki pale pale.

Mkurugenzi alikuwa akitabasamu. Tabasamu likanifikia, likasimama. Dirisha la kwanza linatazamana na mlango, hakuna pa kupita bila kuniona. Alimgeukia Mama Masjala na kumuuliza kwa upole kama huyu kijana ni mgonjwa.

Mama Masjala alinijia karibu. "Simama," alisema, kwa sauti ya chini.

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Jibu lilikuwa rahisi, la maneno mawili au matatu. Nililiona mdomoni mwangu. Nyuma ya mkurugenzi walikuwa wamesimama watu wenye simu wakipiga picha, na foleni nzima ikitazama. Nikaona kwamba kuitwa mtovu wa adabu ni jambo ninaloweza kuishi nalo, na hilo lingine siwezi. Nikanyamaza.

Sura ya Mama Masjala ikajifunga. Walipita. Hotuba zilisemwa, utepe ukakatwa. Nilihudumia wateja kutwa nzima bila kunyanyuka, sikwenda chai, sikwenda haja. Wenzangu waliondoka bila kuniaga. Nilisema nabaki kumalizia majalada.

Tarishi aliingia kufunga madirisha. Alianzia upande wa mbali, akaja akifunga moja moja na kuimba wimbo wake usio na mwisho, akafika nyuma yangu. Wimbo ukakatika. Alisimama hapo kidogo. Nilisubiri neno lake, nilijua litakuwa tamu na kesho litakuwa limeshazunguka jengo zima.

Alitoka. Aliporudi alikuwa na koti lake la mvua, lile refu la pikipiki, linalofika miguuni.

"Vaa, Tajiri," alisema akiwa ametazama pembeni. "Mvua hiyo."

Nje mvua ilikuwa imekatika tangu mchana. Jua lilikuwa limejaa uwanja wote.

Jumatatu, 4 Mei

Barua mezani: natakiwa kujieleza kwa maandishi, ndani ya wiki hii, kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa kukataa kusimama mbele ya mkurugenzi. Imesainiwa na Mama Masjala. Nakala kwa utumishi.

Jumanne, 5 Mei

Nimeandika kwamba nilishikwa na mkakamao wa mguu. Nikachana. Nikaandika tumbo. Nikaandika kizunguzungu, ambacho kingekuwa kweli siku nyingine. Kila uongo niliousoma ulidai mwingine wa kuusindikiza. Ukumbini hakuna anayeniongelesha. Nikisema ukweli nabaki na kazi na siwezi kuingia ofisini kwa haya. Nikisema uongo nabaki na haya yangu bila kazi. Nimezunguka humo siku nzima.

Tarishi ameniita Tajiri kama kawaida. Hakuongeza kitu. Nimemrudishia koti, akasema bado ni mvua, nikae nalo.

Ijumaa, 8 Mei

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya barua. Niliingia kwa Mama Masjala bila barua. Nilikuwa na mfuko.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na mlangoni yakanitoka yote. Basi nilifungua mfuko, nikatandaza suruali juu ya meza yake, mpasuko ukiwa juu.

Aliitazama. "Hii nini?"

"Ndiyo sababu."

Alivaa miwani. Aliushika mshono, akaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho kama anayesoma. Nilimweleza kila kitu, habari ya kujificha stoo siku ya vipimo, habari ya suti ya chuo, pini, mkanda. Nilizungumza nikitazama kalenda iliyoko nyuma yake. Aliuliza swali moja tu, suti ile ilikuwa ya nani. Nikasema yangu, ya zamani.

Nilisubiri acheke. Kicheko nimekizoea, najua pa kukiweka. Hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "kila asubuhi unaingia kwa mlango ule pale. Sote tunakuona. Ulikuwa unatuficha nini?"

Machozi yalinitoka bila idhini yangu, na yeye akasogeza suruali isilowe, jambo ambalo nalikumbuka kuliko yote.

Kisha akawa Mama Masjala tena. Alisema taarifa yake ilikwishapanda juu na hawezi kuishusha. Muda wangu wa majaribio utaongezwa miezi mitatu, nishukuru ni mitatu. Maelezo niyaandike hapo hapo mbele yake: sare haikunitosha. Nisiongeze hata neno. Kesho niende kwa fundi, nipimwe mwili wangu na si wa mtu aliyemaliza chuo. Nikaandika. Ni sentensi fupi kuliko zote nilizozichana.

Nilipofika mlangoni aliuliza, "Na kiti?"

"Kiti gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nakuona unavyokikandamiza. Mabenchi yako nyuma ya stoo. Unataka moja?"

Nikasema hapana, kiti hakina neno. Nilisema haraka, kabla ya kufikiri, kama mtu anayeondoa mkono motoni. Sasa najiuliza kwa nini nilisema hivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Duka la fundi ni chumba kimoja cha bati, mashine mbili na benchi la wateja. Benchi lilikuwa limejaa. Njiani nilikuwa nimeomba mvua inyeshe, ile ya kupiga bati mpaka watu wasisikizane. Hakikuwepo hata kiwingu. Nadhani mvua za mwaka huu zimekwisha.

Fundi alifurahi kuniona, akasema tarishi alimletea suti ya kijana mwembamba na yeye alishangaa, lakini kazi ni kazi. Alisema kijivu kile kile hakipo, ana cha kufanana, ataongeza vipande ubavuni. Vitaonekana kidogo. Akavuta futi shingoni. Niliinua mikono. Ilibidi azunguke nyuma yangu kuifuata ncha.

Akataja namba. Mkewe alikuwa anaendesha cherehani, akasimamisha gurudumu. "Ngapi?" aliuliza. Fundi akairudia kwa sauti kubwa zaidi.

Niliwatazama watu wa benchi. Mwanamke mmoja alikuwa anatafuta chenji mkobani. Mzee mmoja aliniangalia, akamwangalia fundi, akauliza zamu yake itafika lini. Kijana mmoja alitabasamu pembeni, nilimwona, na iliniuma. Mke wa fundi akaandika.

"Geuka," alisema fundi. "Urefu wa mguu."

Jumatano, 13 Mei

Jua. Nguo zimekauka siku moja. Nimekula chakula cha mchana mezani na wenzangu. Kidogo, na kwa woga, lakini nimekaa.

Alhamisi, 14 Mei

Dada ameniomba nimsindikize hospitali wiki ijayo. Amesema nikae upande wa uani, ili wapakiaji wakitazama watutazame wawili. Sijajua kama ulikuwa mzaha. Nimekubali.

Jumatatu, 18 Mei

Nimevaa sare leo. Vipande vya ubavuni ni kijivu cha jirani, mtu hahitaji kukaribia ili avione. Mhasibu aliviona, akageuza macho. Msichana wa dirisha la tatu aliviona na akamnong'oneza mwenzake, na masikio yangu yakawaka hadi saa nne. Sijapona, naandika ukweli. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kitini nikihesabu macho.

Kabla ya chai Mama Masjala aliingia na mgeni kutoka utumishi. Watu walisimama. Na mimi nikasimama, haraka, bila kukandamiza kitu chochote, kwa sababu nilikuwa nimesahau. Kiti kiliinuka nami, kikakaa hewani, kikaachia. Kilianguka kwenye vigae vipya kwa kishindo ambacho ukumbi haujawahi kukisikia. Foleni nzima iligeuka. Mtu alicheka mahali fulani.

Nilibaki nimesimama. Mama Masjala alimwonyesha mgeni madirisha, akamtambulisha kila mtu, akafika kwangu na kunitambulisha kama wengine, wakapita.

Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma. Benchi la mwanzo lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, lakini refu, likakwama mlangoni. Tarishi alishika upande wa pili bila kuitwa. "Tajiri," alisema, "ungesema tu, tungelileta tangu Machi." Tukalipitisha katikati ya ukumbi, mbele ya foleni, watu wakitupisha. Bado lilikuwa na unyevu wa mvua. Nikalifuta kwa gazeti, nikakisogeza kiti ukutani, nikakaa.

"Anayefuata," nikasema.